Foku mpya, shokapu mpya, na pikipiki haitulii: jinsi ya kutafuta chanzo

Mitaa mingi ya Goma isiyo na lami ni lava iliyopoa: mawe meusi yenye makali, yasiyolainika hata yakikanyagwa miaka. Mengine yaliletwa na volkano ya Nyiragongo Januari 2002, lava ilipokata mji katikati na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mengine ni ya zamani zaidi. Juu ya mawe hayo, foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na shokapu za TVS au Boxer ya teksi huchoka mapema. Sili zinavuja, springi zinalegea, jicho la shokapu linapata mchezo. Basi motari, dereva wa teksi hiyo, anashuka mtaa wa Birere kutafuta vipuri na kuchukua kinachopatikana: shokapu ndefu kidogo za pikipiki ya mizigo, foku ya pikipiki yenye injini kubwa zaidi, wakati mwingine mbele yote ya DT, pikipiki ya porini ya Yamaha, iliyomaliza kazi kwenye shirika fulani. Bolti zinaingia, nati zinakazwa, pikipiki inasimama vizuri. Kesho yake anarudi: usukani unatikisika, au kona haikatiki, au abiria wa nyuma anarushwa.

Lawama huangukia shokapu. Anaambiwa ni feki, anatafuta nyingine, na ugonjwa unabaki palepale. Ukweli ni kwamba mara nyingi shokapu ni nzima. Kilichobadilika ni umbo la pikipiki lenyewe, na umbo hilo linapimika kwa tepu ya fundi seremala. Ninaomba jambo moja kwa kila fundi anayesoma hapa: pima kwanza, nunua baadaye. Fedha za motari hazitoki kirahisi, na shingo iliyo hatarini ni yake na ya abiria wake.

Nini hasa kimebadilika

Usukani wa pikipiki unazunguka kwenye mhimili uliolala nyuma kidogo. Kulala huko, kukipimwa kutoka wima, ndiko nitakakoita mlalo. Kwa pikipiki nyingi za mjini ni digrii 25 hadi 27. Ukiurefusha mhimili huo kwa macho mpaka ardhini, utagonga mbele ya mahali tairi inapokanyaga. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio mburuto. Tairi inaburutwa nyuma ya mhimili kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali, linalojigeuza lenyewe kufuata linakovutwa. Kwa pikipiki hizi mburuto huwa milimita 80 hadi 100 hivi. Ukizidi, pikipiki hujinyoosha yenyewe lakini ni nzito kukata. Ukipungua, inakata upesi lakini haitulii.

Vitu vitatu ndivyo vinavyousogeza: kimo cha mbele, kimo cha nyuma, na ofseti ya T. T ni vishikio viwili, cha juu na cha chini, vinavyobana mabomba ya foku; ofseti yake ni umbali kutoka katikati ya mhimili wa usukani hadi kwenye mstari unaounganisha mabomba hayo mawili.

Chukua pikipiki yenye milimita 1,300 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukiinua nyuma yake kwa milimita 23, mlalo unapungua digrii 1 nzima, na mburuto unapungua karibu milimita 6. Shokapu mbili zilizozidi za kiwandani kwa milimita 20 tu zinaweza kuleta hayo, kwa sababu zimefungwa mbele kidogo ya ekseli na zimeinama, hivyo gurudumu linashuka zaidi ya urefu ulioongezwa. Kwenye pikipiki yenye shokapu moja katikati, hesabu ni kali zaidi: milimita 10 za shokapu zinaweza kuwa 20 hadi 30 kwenye gurudumu. Upande wa pili, foku iliyozidi kwa milimita 25 inaongeza mlalo digrii 1.

Kwa hiyo aliyeongeza mbele milimita 25 na nyuma milimita 20 anaweza kubaki na mlalo uleule wa kiwandani, ila pikipiki nzima imepanda. Aliyeongeza upande mmoja tu ndiye anayerudi gereji.

Ofseti husahaulika kabisa, nayo ndiyo inayouma. Ukichukua T za pikipiki nyingine zenye ofseti iliyozidi kwa milimita 10, umekula mburuto wa milimita 11, karibu mara mbili ya digrii nzima ya mlalo, wakati vimo vyote viwili vinaonekana sawasawa. Foku nyingi za pikipiki za porini huongeza jambo jingine: ekseli imekaa mbele ya mguu wa foku badala ya chini yake. Umbali huo nao unahesabiwa kwenye ofseti.

Kuhusu mbele ya DT iliyopachikwa nzima kwenye pikipiki ya mjini: gurudumu lake ni la inchi 21. Likichukua nafasi ya la inchi 17, ekseli inapanda kama milimita 50 kabla hata hujahesabu urefu wa foku. Jumla yake mbele inaweza kupanda zaidi ya sentimita 10, na mlalo ukaongezeka digrii 4 au zaidi. Hakuna kukaza springi kutakakorekebisha hilo. Foku ipandishwe ndani ya T kadiri inavyowezekana bila gurudumu kugonga chochote, nyuma ipandishwe kwa kiasi, na kama bado haitoshi, mbele hiyo si ya pikipiki hiyo.

Pima hivi

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Kwenye lava utapata namba za uongo. Kama foku na shokapu za zamani bado zipo, hata zikiwa zimeoza, zitandike mezani na uandike: urefu wa foku ikiwa imenyooka yote, kutoka katikati ya ekseli hadi juu ya bomba, bomba lilitokeza kiasi gani juu ya T ya juu, urefu wa shokapu kutoka katikati ya jicho hadi katikati ya jicho, ofseti ya T za zamani. Kisha pima vipya vivyo hivyo. Nusu ya majibu iko hapo, kabla ya kuendesha hata mita moja.

Mlalo unaupima kwa simu. Programu ya kupima pembe iko kwenye simu nyingi. Laza ubavu wa simu kwenye bomba la foku, pikipiki ikiwa imeshikwa wima kwa magurudumu yote mawili, usukani umenyooka. Kwa kawaida bomba na mhimili wa usukani huenda sambamba, hivyo namba hiyo inatosha.

Halafu kuzama kwa springi. Inua gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye fremu moja kwa moja juu yake. Teremsha, pima pikipiki ikiwa peke yake. Mpandishe mwendeshaji na mzigo wake wa kawaida, pima tena. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo kuzama, na inafaa iwe karibu theluthi moja ya safari yote ya shokapu kwenye gurudumu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Foku yenye safari ya milimita 120 inapaswa kuzama kama 40. Nyuma yenye safari ya milimita 90, kama 30. Fanya hivyo mbele pia, na kila mara bonyeza pikipiki chini kidogo uiache irudi yenyewe kabla ya kusoma, kwa sababu msuguano wa sili hushikilia milimita kadhaa.

Mwendeshaji na mzigo wake wa kawaida ni nani hapa Goma? Asubuhi ni abiria mmoja kwenda kazini. Jioni ni mama na mtoto, au abiria wawili, au gunia la makala, yaani makaa. Mimi hupima na abiria mmoja, kisha naangalia pikipiki inafanyaje ikiwa tupu na ikiwa na wawili. Kama abiria wa pili anaishusha nyuma milimita 45 zaidi, mlalo umeongezeka digrii 2 na mburuto kama milimita 12: usukani wa jioni si ule wa asubuhi. Ukiona tofauti kubwa hivyo, springi za nyuma ni laini kwa kazi hiyo, na kuongeza urefu wa shokapu hakutaziponya.

Kabla ya kulaumu jiometri

Ukague mambo manne kwanza, maana yanajifanya jiometri vizuri sana. Upepo wa tairi. Beringi za usukani: inua mbele, shika miguu ya foku chini, sukuma na vuta, ukisikia mlio, zimelegea, na ukizungusha usukani ukahisi unanasa katikati, zimechimbika. Beringi au bushi za mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu: sukuma gurudumu kushoto na kulia. Spoku: gonga moja moja kwa spana ndogo, yenye sauti iliyokufa imelegea. Hayo yasipokuwa sawa, vipimo vyote vya juu havitakusaidia.

"Usukani unatikisika mikononi"

Kuna mitikisiko miwili, na dawa zake ni tofauti. Ule wa haraka, mara 4 hadi 10 kwa sekunde, unaohisiwa kwenye mikono tu, ni wa mbele. Ule wa polepole, ambao pikipiki nzima inapinda kushoto na kulia mara mbili au tatu kwa sekunde na abiria anaanza kukushika kiunoni, unatoka nyuma, nitaufikia.

Mtikisiko wa haraka hujitokeza mara nyingi kati ya kilomita 60 na 40 kwa saa unapoachia gesi, uzito ukienda mbele na foku ikibonyea. Kubonyea kwa foku peke yake kunapunguza mlalo na mburuto. Kama umeshainua nyuma kwa shokapu ndefu, sasa huna mburuto wa kutosha, na tairi inatafuta mwelekeo bila kuupata.

Fuata mpangilio huu. Soma mlalo kwa simu: kama uko chini ya digrii 24 na mwendeshaji akiwa juu, chanzo ni vimo. Angalia kama bomba za foku zimetokeza juu ya T. Kila milimita 10 unayozirudisha chini inainua mbele kama milimita 9. Zirudishe mpaka zilingane na T ya juu, ilimradi hazizami chini ya uso wake. Haitoshi? Punguza mkazo wa springi ya shokapu. Nyingi za pikipiki hizi zina ngazi 5, nazo hubadilisha kimo milimita kadhaa. Bado haitoshi? Shokapu ni ndefu mno, tafuta fupi zaidi.

Kama mlalo ni mzuri, kwa mfano digrii 26, na bado inatikisika, vunja mbele upime ofseti. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanakaza beringi za usukani kupita kiasi ili kuua mtikisiko, na kweli unapungua kwa wiki moja, huku beringi zikichimbika na pikipiki ikianza kuyumba kwa mwendo wa polepole kwa sababu usukani hauwezi kujirudisha wenyewe. Beringi ziwe hivi tu: mbele ikiwa juu, usukani uliosukumwa kidogo kutoka katikati uanguke pembeni kwa uzito wake, bila mchezo wowote. Ofseti iliyozidi ina dawa moja, nayo ni T zinazostahili pikipiki hiyo. T isichomwe moto kupindishwa, isilehemiwe, isisagwe. Hiyo ndiyo inayobeba gurudumu la mbele lote.

Sababu nyingine ya mtikisiko huu ni mbele kuzama kupita kiasi. Foku mpya ya pikipiki nyepesi kuliko yako itakuwa na springi laini. Ikizama milimita 60 kati ya 120, umeshusha mbele milimita 20 bila kugusa bolti. Ongeza kipande cha bomba gumu juu ya springi, chenye ncha zilizokatwa sawa na washa bapa kila upande: milimita 10 kwa wakati mmoja, miguu yote miwili sawasawa. Mkazo huu haufanyi springi kuwa ngumu zaidi. Unainua kimo tu. Na una mpaka. Ukilazimika kuweka zaidi ya milimita 20 hadi 25, badilisha springi.

Kuna njia nzuri ya kujua springi yenyewe ni sahihi. Weka kuzama kwa mwendeshaji kwenye theluthi, kisha shuka upime pikipiki ikiwa peke yake. Ikiwa haizami hata kidogo, springi ni laini mno na umeikaza sana ili ibebe. Ikiwa bado inazama sana, springi ni ngumu mno. Watu hudhani ni kinyume chake.

"Moto inakatala kona"

Moto hapa ni pikipiki. Ni malalamiko ya aliyefunga foku ndefu, au aliyefunga shokapu fupi au zilizochoka. Unaingia kona, unasukuma usukani, pikipiki inapanuka kwenda nje. Kwenye mzunguko wenye magari ya mizigo, kupanuka huko ni hatari kubwa.

Soma mlalo ukiwa umepanda. Ukiwa digrii 28 au zaidi, pandisha foku ndani ya T, milimita 5 kwa awamu, na kila awamu ujaribu. Kikomo chako ni nafasi: pikipiki ikibanwa chini kabisa, tairi na madigadi ya mbele visiguse T ya chini, bomba la moshi wala injini. Hii usiikisie. Toa springi za foku, kandamiza mbele kwa mkanda mpaka mwisho, uangalie kwa macho ukizungusha usukani pande zote mbili. Inakula muda, lakini gurudumu lililokwama kwenye shimo la Mugunga halitoi onyo.

Kama foku haiwezi kupanda zaidi, inua nyuma: ngazi ya juu zaidi ya springi, au shokapu ndefu kidogo. Usiongeze kimo cha nyuma kwa kulehemu jicho jipya au kipande cha chuma kwenye shokapu. Jicho hilo linabeba watu watatu kwenye mawe, na likikatika upande mmoja, mkono wa nyuma unapinda na cheni inaruka.

Kona ikikataa pale tu unapobeba, wakati ukiwa peke yako ni sawa, usiguse mbele. Springi za nyuma ndizo zinazoshindwa. Na mzigo uliofungwa kwenye kerea nyuma ya ekseli unafanya mawili kwa pamoja, unashusha nyuma na kunyanyua mbele, hata tairi ya mbele inakosa uzito wa kushika barabara. Sogeza gunia mbele kadiri kiti kinavyoruhusu.

"Nyuma inasuka"

Huu ndio mtikisiko wa polepole. Unakuja kwa mwendo, kwa mfano pale barabara ya Sake inapofunguka na gesi ikavutwa, na unazidi ukiwa na mzigo. Bushi za mkono wa nyuma ndizo za kwanza kushukiwa. Shokapu ndefu hushusha mkono na kuubana kwa pembe mpya, na bushi iliyokuwa na mchezo mdogo sasa inaonyesha wote. Ya pili ni shokapu mbili zisizofanana: moja mpya na moja ya zamani, au mbili za viwanda tofauti zilizolingana urefu lakini si springi. Zibonyeze moja moja zikiwa nje, kwa uzito wa mwili juu ya ubao. Ikiwa moja inarudi haraka na nyingine polepole, mkono wa nyuma unapindwa kila unapopita jiwe. Shokapu hununuliwa kwa jozi, na jozi ni jozi.

Ya tatu ni magurudumu kutofuatana. Zungusha kamba nyembamba nyuma ya tairi ya nyuma, ilete mbele pande zote mbili kwa urefu ulio chini kidogo ya ekseli, iguse tairi ya nyuma kwenye nukta mbili kila upande. Mbele, nafasi kati ya kamba na tairi ilingane kushoto na kulia usukani ukiwa umenyooka. Alama za kukazia cheni kwenye mkono wa nyuma haziaminiki zikishagongwa.

"Inavuta upande mmoja"

Kama kamba imeonyesha magurudumu yako sawa, angalia foku. Bomba moja limeingia kwenye T kuliko jingine? Pima yote mawili kutoka juu, yalingane kabisa. Kisha laza kipande bapa cha kioo kwenye mabomba mawili, juu ya madigadi. Kioo kikicheza pembe kwa pembe, foku imejisokota. Kwenye foku ya mtumba hili ni la kawaida, kwa kuwa imetoka kwenye pikipiki iliyoanguka.

Foku iliyojisokota bila mabomba kupinda inanyoshwa hivi: inua mbele, legeza ekseli, bolti za T ya chini na za T ya juu, nyoosha kwa mkono mpaka kioo kitulie. Kaza T ya chini, kisha ya juu. Teremsha gurudumu, bana breki ya mbele, bonyeza foku mara kadhaa ekseli ikiwa bado imelegea ili miguu ijipange, ndipo ukaze ekseli. Usilegeze T zote pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu, itakuangukia.

Bomba lililopinda lenyewe hubadilishwa. Lizungushe juu ya kioo hichohicho, utaona mwanga ukipita chini yake.

"Inarusha abiria, mbele inagonga"

Hapa jiometri ina sehemu ndogo. Ni mafuta na springi. Bonyeza nyuma kwa nguvu uachie. Ikirudi mara moja na kutulia, shokapu inafanya kazi. Ikiruka mara mbili tatu, mafuta yake yamekwisha, na shokapu nyingi za bei nafuu hazifunguki kuongezwa. Usiweke mkazo wa ngazi ya 5 ili "iwe ngumu": utainua nyuma, utapunguza mburuto, na abiria atarushwa zaidi.

Mbele ikigonga mwisho kwenye kila shimo, pima kimo cha mafuta ya foku: springi nje, foku imebanwa yote, kutoka ukingo wa bomba hadi kwenye mafuta, miguu yote miwili sawa kwa milimita. Mafuta ya foku ya SAE 10 yanatosha pikipiki nyingi. Mafuta mazito ya injini ya 20W-50 hufanya foku irudi polepole. Mawe yakifuatana, kila jiwe linaikuta imebonyea zaidi kuliko la kabla, mpaka mbele inabaki chini na mburuto umekwisha. Hapo mtu anakuja kulalamikia usukani, kumbe ugonjwa uko kwenye mafuta.

Breki, cheni na stendi baada ya kubadilisha kimo

Breki ya ngoma ya mbele ina mfereji kwenye sahani yake, unaoingia kwenye ulimi ulio kwenye mguu wa foku. Foku ya pikipiki nyingine inaweza kuwa na ulimi mahali pengine au isiwe nao kabisa. Sahani isiposhikwa, ukibana breki inazunguka na gurudumu na kulifunga ghafla. Pikipiki isiyo na ulimi huo isitoke gereji.

Shokapu ndefu hushusha mkono wa nyuma, nao hubadilisha mkazo wa cheni na wa fimbo ya breki. Cheni inakuwa imekaza zaidi pale sprokiti ya mbele, mhimili wa mkono na ekseli zinapokaa kwenye mstari mmoja. Toa shokapu, inua gurudumu mpaka hapo, hakikisha cheni bado ina uhuru kidogo. Kisha rudisha shokapu, pima uhuru pikipiki ikiwa imesimama, na uandike namba hiyo mpya, kwa kuwa ile ya kitabu ilikuwa ya shokapu za zamani. Angalia pia kama cheni haisagi mkono wa nyuma kwa juu. Fimbo ya breki irekebishwe mwendeshaji akiwa amekaa, siyo pikipiki ikiwa kwenye stendi.

Stendi ya kando ya pikipiki iliyopanda inakuwa fupi na pikipiki inalala mno, inaanguka na mzigo. Kulehemu kipande chini ya stendi ni sawa. Hapo hapabebi maisha ya mtu.

Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, injini ikiwa inanguruma polepole. Mlio ukipanda, waya wa gesi umekuwa mfupi. Angalia waya wa breki, wa klachi na wa spidomita mbele ikiwa imenyooka yote. Vizuizi vya T ya chini vigonge fremu kabla mabomba hayajagonga tangi.

Jaribio la kwanza lifanywe alfajiri, barabara ikiwa tupu, kofia kichwani, bila abiria, mikono yote miwili usukanini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kila namba. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kaza upya bolti za T, ekseli na za shokapu, kisha pima tena kuzama kwa nyuma: springi mpya hukaa chini milimita chache ikishabeba mzigo.